Miungu ya Olympus na ardhi yetu



Kijana anayesoma Kilatini na filozofia katika shule zetu za sekondari hukutana mapema na Zeus, Hera, Apollo, Athena na wenzao. Wazazi wengine Wakristu huingiwa na wasiwasi: ya nini kumfundisha mtoto aliyebatizwa habari za miungu ya uongo? Wengine huzichukua habari hizo kama ngano za kuchekesha, zisizomhusu mtu mzima mwenye shughuli zake. Sisi tunaona kwamba pande zote mbili zinapitwa na jambo la maana. Hadithi za miungu ya Wagiriki zinastahili kusomwa na Mkristu mlei, tena kwa makini, kwa sababu zinaonyesha wazi jinsi uwezo unavyokuwa unapotengana na wema. Jambo hilo sisi wa nchi hii tunalijua kwa miili yetu.

Tuanze na ukoo wenyewe. Mshairi Hesiodos, aliyeishi yapata miaka 700 kabla ya Kristu, anasimulia kwamba Ouranos, yaani Mbingu, aliwafungia watoto wake ndani ya mama yao Gaia, yaani Dunia, wasipate kuona mwanga. Mwanawe Kronos akamvizia kwa mundu, akamjeruhi, akamnyang'anya utawala. Kronos naye, alipoambiwa kwamba mmoja wa watoto wake atampindua, akawameza kila walipozaliwa: Hestia, Demeter, Hera, Hades, Poseidon. Wa mwisho, Zeus, aliokolewa na mama yake Rhea, aliyempa mumewe jiwe lililoviringishwa katika nguo za mtoto mchanga, naye akalimeza bila kutazama. Zeus alipokua, ndugu zake walitapikwa, vita vikapiganwa, na baba akatupwa chini kuzimu. Homeros anaongeza kwamba ndugu watatu walipiga kura: Zeus akapata mbingu, Poseidon bahari, Hades kuzimu. Nchi kavu na mlima Olympus, ambao kimo chake hupita mita 2,900, vikabaki mali ya wote.

Hesiodos alitamani sana Zeus awe mlinzi wa haki, hata akasema kwamba Dike, yaani Haki, ni binti yake. Tunamheshimu mshairi huyo kwa tamaa hiyo njema. Lakini kiti chenyewe cha Zeus kilipatikana kwa radi, na kililindwa kwa radi. Utawala ulitoka kwa baba kwenda kwa mwana kwa njia ya mapinduzi, na kila mtawala aliwaogopa wanawe. Wazee wetu wana neno fupi kwa hali kama hiyo: mwenye nguvu mpishe.

Katika vita vya Troia tunaona matunda yake. Hera na Athena waliuchukia mji ule kwa sababu Paris, mwana wa mfalme wake, alimtaja Aphrodite kuwa ndiye mzuri kuliko wote. Watu wa mji hawakuulizwa neno katika shauri hilo, lakini wao ndio waliolipa. Kuna mahali katika Iliadi panapotisha kuliko mapigano yote. Zeus anasema kwamba Troia ni mji anaoupenda kuliko mingine yote, kwa kuwa madhabahu yake huko hayakukosa sadaka kamwe. Hera anajibu kwamba yeye naye ana miji mitatu aipendayo, Argos, Sparta na Mykenai, na kwamba Zeus anaweza kuiangamiza siku yoyote atakayotaka, mradi amwachie Troia sasa. Wakapatana. Miji minne yenye watu, watoto na mahekalu imewekwa mezani kama bidhaa, na wenyeji wake, ambao wakati huo huo wanachinja ng'ombe na kusali, hawana habari. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Na tembo hao wakipatana, nyasi bado zaweza kuumia.

Tuseme pia habari za Niobe. Alikuwa malkia, binti wa Tantalos, na alikuwa na watoto kumi na wawili kwa hesabu ya Homeros. Alijisifu kwamba amempita Leto, mama wa Apollo na Artemis, aliyezaa wawili tu. Kwa neno hilo moja la majivuno, Apollo aliwaua wana wote kwa mishale, na Artemis akawaua mabinti wote. Niobe akageuka jiwe, na jiwe lile, husemwa, halikuacha kulia. Baba yake alikuwa na msiba wa namna nyingine. Tantalos aliwakosea miungu vibaya sana, akahukumiwa kusimama kuzimu ndani ya maji, matunda yakining'inia juu ya kichwa chake. Akiinama kunywa, maji yanakauka. Akinyosha mkono kuchuma, upepo unainua matawi.

Kwa nini tunawataja hao wawili katika ukurasa unaosomwa Kongo? Kwa sababu majina yao yamo katika ardhi yetu. Mwaka 1802 mwanakemia wa Sweden, Anders Gustaf Ekeberg, aligundua metali mpya, akaiita tantali kwa jina la Tantalos, kwani hata ikizamishwa katika asidi haikuweza kunywa chochote. Mwaka 1844 Mjerumani Heinrich Rose alitenga nyingine iliyofichamana nayo, akaiita niobi, binti kando ya baba. Mawe yanayobeba hizo mbili pamoja ndiyo sisi tunayoyaita koltani, yanayochimbwa Kivu. Na kabla ya hapo, mwaka 1789, Martin Heinrich Klaproth aliipa urani jina la sayari Uranus, ambayo ni jina la Ouranos, yule baba aliyewafungia watoto wake. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka Shinkolobwe, katika Katanga.

Hatusemi kwamba majina hayo yalikuwa unabii au uganga. Wanasayansi wale walikuwa wakifikiria maabara zao, wala hawakujua kilicho chini ya milima yetu. Tunasema tu kwamba Mkongomani akisoma habari za mtu anayesimama ndani ya maji akafa kiu, hahitaji mwalimu wa kumfafanulia. Na mama wa Kivu aliyewazika watoto wake kwa ajili ya ugomvi wa wakubwa asiowajua anaweza kumtambua Niobe kuliko wataalamu wengi. Ipo tofauti moja, nayo ni kubwa: Niobe na Tantalos waliadhibiwa kwa makosa yao wenyewe, hata kama adhabu ilipita kiasi. Watu wetu hawakuwatukana miungu. Hapo hadithi ya kale inashindwa kutueleza, na ni vema tukubali kwamba inashindwa.

Jambo linalotufurahisha ni kwamba waliokuwa wa kwanza kulalamika juu ya miungu hiyo ni Wagiriki wenyewe. Katika karne ya 6 kabla ya Kristu, Xenophanes wa Kolophon aliwalaumu Homeros na Hesiodos kwa kuwabebesha miungu wizi, uzinzi na udanganyifu, mambo ambayo hata kati ya wanadamu ni aibu. Aliona tena kwamba Waethiopia huichora miungu yao myeusi, na Wathrakia huichora yao yenye macho ya kibuluu. Akasema kwamba ng'ombe na farasi wangekuwa na mikono ya kuchora, wangefanya miungu yenye sura ya ng'ombe na farasi. Baadaye Platon aliandika kwamba mji unaotaka vijana wema usiwalee kwa hadithi za mungu anayetenda uovu, kwa sababu Mungu ni mwema na hawezi kuwa chanzo cha ubaya. Mwalimu wake Sokrates alihukumiwa kifo huko Athene mwaka 399 kabla ya Kristu. Mashitaka yalisema kwamba haitambui miungu ya mji na kwamba anawaharibu vijana.

Tunajua pingamizi linalotolewa. Husemwa: Mtume Paulo alipofika Athene alichukizwa na wingi wa sanamu, basi sisi tunatafuta nini huko? Ni kweli alichukizwa. Lakini msomaji aendelee na sura hiyo ya 17 ya Matendo ya Mitume. Paulo hakuvunja sanamu yoyote. Alizunguka, akatazama, akasoma maandishi ya madhabahu, na aliposimama mbele ya baraza la Areopago aliwakumbusha maneno ya washairi wao kuhusu wanadamu kuwa uzao wa Mungu. Maneno hayo yanapatikana kwa Aratos, mshairi wa Kilikia, mkoa ule ule wa Tarso alikozaliwa Paulo, na katika shairi lenyewe anayesifiwa ni Zeus. Mtume aliyajua, akachukua lililo kweli, akalielekeza kwa Mungu wa kweli. Katika karne ya 4 Mtakatifu Basili Mkuu aliwapa vijana shauri lile lile juu ya vitabu vya Wagiriki: wafanye kama nyuki, ambao hawaendi kwenye kila ua, na kwenye ua wanalolichagua hawabebi kila kitu.

Asali ipo. Wagiriki waliamini kwamba mgeni na mwombaji wako chini ya ulinzi wa Zeus, na kwamba anayemfukuza mgeni mlangoni anamkosea mungu. Mshairi wa Kiroma Ovidius anasimulia jinsi miungu wawili, Zeus na Hermes kwa majina ya Kigiriki, walivyotembea Frigia katika sura ya wasafiri. Walibisha hodi katika nyumba elfu moja, zote zikafungwa. Wazee wawili maskini, Philemon na Baucis, ndio peke yao waliowafungulia, wakataka hata kumchinja bata bukini wao wa pekee. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema Waswahili. Si mbali na huko, katika mji wa Listra, watu walimwona Paulo akimponya kiwete, wakamwita Barnaba Zeus, na Paulo, kwa kuwa ndiye msemaji, wakamwita Hermes. Kuhani akaleta ng'ombe na mashada ya maua. Mitume walirarua mavazi yao kwa uchungu, wakipaza sauti kwamba wao ni watu tu. Tunawaomba wasomaji wakae kidogo juu ya tendo hilo. Ni wangapi leo, wakiitwa wenye nguvu za mbinguni, wangeyakataa maua na ng'ombe?

Hapa tunafika penye moyo wa maoni yetu. Miungu ya Olympus haina makuhani tena, lakini namna ya kumwabudu mwenye nguvu kwa hofu na hongo haikuisha nayo. Huko Efeso hekalu la Artemis, moja la maajabu saba ya dunia ya kale, lilikuwa pia mahali pa kuweka akiba za fedha. Demetrio mfua fedha na wenzake waliishi kwa kuuza vihekalu vidogo. Paulo alipohubiri, Demetrio alitaja kwanza hasara ya biashara, kisha heshima ya mungu mke. Na umati ukapiga kelele saa mbili katika uwanja wa michezo, wengi wao wasijue wamekusanyika kwa nini. Leo katika kiwanja cha hekalu lile, nchini Uturuki, imesimama nguzo moja tu.

Anayehubiri kwamba Mungu hubariki kwa kipimo cha bahasha anatuuzia kihekalu cha Efeso. Mwanasiasa anayetaka tumpigie magoti kwa sababu ana askari anatudai ibada ya Zeus. Na sisi walei, tunaposali kana kwamba tunamshika Bwana mkono ili ampige jirani yetu, tunasali kama walivyosali watu wa Troia na wa Argos, kila upande na mungu wake. Imani yetu inatufundisha kwamba mwenye uwezo wote alijifunga kitambaa akawaosha wanafunzi wake miguu. Mtu aliyesoma vizuri habari za Olympus ataelewa jinsi tendo lile lilivyokuwa geni duniani.

Kwa hiyo mzazi ambaye mtoto wake anarudi nyumbani na kitabu cha hadithi za Wagiriki asimpokonye. Aketi naye, wasome pamoja, amwulize juu ya kila mungu: huyu ana nguvu gani, na anamtendea nini mnyonge? Mashirika yetu nayo yanaweza kutenga jioni moja kwa sura ya 14, ya 17 na ya 19 za Matendo ya Mitume, na kuuliza swali hilo hilo juu ya wakubwa wetu, juu ya wahubiri wetu, na juu ya kila mmoja wetu katika nyumba anayoitawala.