Laana Gani ya Baraka na Fizi?

Tangu tarehe 18 Agosti 2024, Kardinali Fridolin Ambongo alipowatangaza hapa Uvira Wenye Heri wetu wanne, twasikia neno moja litokalo vinywani mwa Wakristu, nalo latuudhi: "Watu wa Baraka na Fizi waliua mapadre. Laana haitawatoka." Wasema hivyo wakitoka Misani, na rozari i mkononi!

Basi tuwakumbushe. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa maasi ya Simba, gari la waasi lilisimama kwenye misioni ya Baraka. Bruda Vittorio Faccin aliamriwa apande, akakataa, akapigwa risasi. Padri Luigi Carrara alikuwa akiungamisha watu. Akatoka, akapiga magoti karibu na maiti ya mwenzake, akauawa palepale. Siku ile ile, huko Fizi, waliuawa Padri Giovanni Didoné na Abbé Albert Joubert, mzaliwa wa nchi yetu ya Kongo.

Sasa twauliza: Padri Carrara aliwaungamisha nani siku ile? Si watu wa Baraka hao hao mnaowaita walaaniwa? Kazi yake ya mwisho duniani ilikuwa kuwaondolea dhambi. Na shirika lake la Wasaveriani, lililopoteza watatu kwa siku moja, halikuiacha Kongo.

Mtajibu kwamba msamaha bila toba ni mchezo. Ndiyo. Hatumwambii muuaji kwamba hakuua, wala hatumfichi asihukumiwe. Lakini kijana akitoka msituni, ameweka bunduki chini, ataka kuungama na kulipa aliyoharibu, mbona benchi lote lahama akiketi? Kumwogopa si dhambi. Kutamani asitubu, ili tuendelee kumchukia kwa haki, hiyo ni dhambi kubwa! Nabii Yona naye alinuna Ninawi ilipotubu, akauhurumia mti uliompa kivuli kuliko mji mzima.

Wala sisi makatekista tusijitie usafi. Wakija watu wa namna hiyo kutaka mafundisho, tumewaambia warudi juma lijalo, kisha lijalo tena, tukitumaini watachoka. Wengine walichoka kweli. Majina yao tunayo katika daftari, na nyumba zao twazijua. Wengine wakaa karibu nasi, mwendo wa dakika chache. Juma hili tunakwenda kubisha hodi.