Anayechekwa ni Nani? Kuupanga Upya Msimu wa Nne wa The Simpsons

Mcheza kwao hutunzwa. The Simpsons, katuni ya watu wazima iliyobuniwa na Matt Groening na kuanza kurushwa na kituo cha Fox kama mfululizo kamili mwezi Desemba 1989, imetunzwa vya kutosha kwao Marekani. Msimu wake wa nne, wenye sehemu 22 zilizorushwa kati ya Septemba 1992 na Mei 1993, hutajwa na wahakiki wengi wa huko miongoni mwa misimu iliyo bora zaidi. Swali linalomhusu mwanafunzi wa Kiswahili ni jingine. Je, sehemu hizo zikitazamwa Kisian, pale barabara ya Bondo inapoachana na ile ya Busia, zitapangika kwa daraja zile zile zilizopangwa ng'ambo?

Makala hii inashikilia kwamba hazitapangika hivyo, wala hazipaswi. Kuzipanga kazi za sanaa daraja kwa daraja ni uhakiki, na uhakiki hauazimwi pamoja na orodha yake. Unahitaji vigezo. Viwili vinatosha hapa: kwanza, anayechekwa ni nani, pili, kicheko kikiisha, hadhira hubaki na nini. Wingi wa vicheko si kigezo, kwani hata anayetekenywa hucheka.

Kwa vigezo hivyo, nafasi ya kwanza inaistahiki "Marge vs. the Monorail", iliyoandikwa na Conan O'Brien na kurushwa tarehe 14 Januari 1993. Mji wa Springfield unapata dola milioni tatu, faini aliyotozwa tajiri Burns kwa kutupa taka za nyuklia. Katika mkutano wa hadhara, Marge anapendekeza barabara kuu iliyoharibika itengenezwe. Anatokea mgeni, Lyle Lanley, anawaimbia wananchi sifa za treni ya reli moja, nao wanamwitikia hadi fedha zote zinamwendea. Mtoto Lisa anapouliza treni hiyo ni ya nini katika mji mdogo kama ule, Lanley hamjibu. Anamsifu kwa akili yake, na Lisa anaridhika. Hapo ndipo penye ustadi. Kejeli hii haimwachi msomi salama: mjinga ananaswa kwa wimbo, mwerevu ananaswa kwa sifa. Hadhira ya Kisian haihitaji tanbihi ili kuielewa. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, njia ya kuelekea Butere ikapita hapo hapo Kisian, na mwaka 2019 reli mpya ya kisasa iliyotoka Nairobi iliishia Suswa. Mkazi wa hapa anajua ahadi ya reli ni nini, na anajua pia barabara yenye mashimo ni nini.

Nafasi ya pili ni ya "Last Exit to Springfield", sehemu ambayo jarida la Entertainment Weekly liliiweka juu ya zote katika orodha yake ya mwaka 2003. Burns anafuta matibabu ya meno katika mkataba wa wafanyakazi, Homer anachaguliwa kuongoza chama chao, na mgomo unaanza. Burns anazima umeme wa mji mzima. Wafanyakazi wanaimba gizani. Wasomaji waliokwisha kuonja migomo ya wahadhiri wataipenda. Hata hivyo, ushindi wenyewe unatokana na kinaya: Burns anaudhania upumbavu wa Homer kuwa ni mbinu za majadiliano. Tajiri anachekwa, naam, lakini na mfanyakazi anachekwa, na haki anayoipata inafanana na bahati nasibu.

Ya tatu ni "Homer the Heretic", ambamo Homer anaacha kwenda kanisani, nyumba yake inashika moto, kisha anaokolewa na jirani yake mcha Mungu pamoja na wazimamoto wa kujitolea wa dini mbalimbali. Maudhui yake yangeweza kuipandisha juu zaidi. Kinachoizuia ni mmoja wa wazimamoto hao, Apu, mwenye duka mwenye asili ya Kihindi, ambaye sauti yake iliigizwa na Hank Azaria, mwigizaji asiye Mhindi. Baada ya filamu ya Hari Kondabolu ya mwaka 2017 kuhoji uigizaji huo, Azaria aliiacha nafasi hiyo mwaka 2020.

"Lisa's First Word" inashika nafasi ya nne. Anayechekwa ni baba, na kicheko kinaishia katika neno moja la mtoto mchanga ambalo baba huyo halisikii. "Mr. Plow" ni ya tano, na wanaodai kwamba hadithi ya theluji haiwezi kueleweka kando ya ziwa wanakosea: marafiki wawili wanaogombea wateja wale wale wanaeleweka katika kituo chochote cha bodaboda.

Chini kabisa kuna mbili. "A Streetcar Named Marge" imesukwa vizuri juu ya tamthilia ya Tennessee Williams, lakini ina wimbo uliowatukana wakazi wa New Orleans kwa jumla, hata sehemu iliyofuata ikafunguliwa kwa Bart akiandika ubaoni kwamba hataukashifu mji huo. Ya mwisho ni "So It's Come to This", ambayo kwa sehemu kubwa ni viraka vya sehemu zilizotangulia.

Wapo watakaosema kwamba vichekesho ni vya kucheka tu, na kwamba vigezo vinawaharibia watu starehe. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama kicheko kisingekuwa na mwathiriwa. Nchini Kenya, vichekesho vya redio na runinga vimevuna vicheko vingi kutokana na lafudhi za makabila, na mzungumzaji wa Kijaluo anajua uchungu wa Kiswahili chake kuchekwa kabla ya hoja yake kusikilizwa. Kwa upande mwingine, vikaragosi vya The XYZ Show, kipindi kilichoanzishwa na mchoraji Gado mwaka 2009, vilidhihirisha kwamba kejeli inaweza kuwapandia wakuu wa nchi huko huko juu waliko.

Mwanafunzi anayejifunza kuuliza anayechekwa ni nani anapotazama Springfield atauliza vivyo hivyo anapotazama runinga ya kwao, na anapoandika vichekesho vyake mwenyewe. Kwa hiyo zoezi hili linastahili nafasi katika madarasa ya fasihi. Orodha iliyopendekezwa hapa inaweza kupinduliwa. Atakayeipindua na aje na vigezo vyake mkononi.