Maniema: Wamaza haiwezi kungoja daktari bingwa wa kiharusi

Mtu akiamka asubuhi Wamaza, mdomo umeenda upande, mkono umelegea na maneno hayatoki, jamaa wengi huuliza kwanza ni nani amemtupia. Wengine wanatafuta miti shamba, wengine wanampeleka kwenye chumba cha sala. Siku ya pili au ya tatu ndipo pikipiki inatafutwa kwa kwenda Kasongo. Waganga wanauita ugonjwa huo AVC, Kiswahili cha vitabu kinasema kiharusi, na wakaaji wengi wanasema tu kupooza. Majina ni mengi, lakini ugonjwa ni mmoja: njia ya damu imeziba ndani ya ubongo, ama mshipa umepasuka na damu imemwagika humo humo.

Wale wanaosema serikali itume daktari bingwa hawakosei kudai. Raia wa Kabambare na Kasongo ni Wakongomani kama wale wa Gombe. Lakini inafaa kwanza wajue daktari huyo anatengenezwa namna gani, ili wasikae miaka kumi wakingoja mtu ambaye hajaanza hata kusoma.

Marekani, anayetaka kutibu kiharusi anamaliza chuo, anasoma udaktari miaka 4, magonjwa ya ubongo na neva miaka 4 mingine, halafu anaongeza angalau mwaka 1 wa kiharusi peke yake. Tangu 2005 kuna mtihani maalumu wa kazi hiyo. Uingereza wamepita njia nyingine: daktari wa wazee, wa magonjwa ya ndani au wa neva, kila mmoja anaweza kuongeza mafunzo ya kiharusi juu ya kazi yake. Japani, mara nyingi ni wapasuaji wa ubongo wanaompokea mgonjwa huyo. Kumbe hata nchi tajiri hazikubaliani ni nani hasa anafaa kufanya kazi hii. Wanachofanana ni kwamba watu wanao. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilionyesha kwamba nchi maskini zina waganga wa ubongo na neva 0.1 kwa kila watu 100,000, na nchi tajiri 7.1. Tuseme mmoja kwa watu milioni moja huku, na 71 kwa watu milioni moja kule.

Kwetu Kongo, kijana wa Kasongo aliyemaliza udaktari na anayetaka neva anaangalia Kinshasa, kwenye CNPP ya Mont Amba, kituo cha Chuo Kikuu cha Kinshasa. Huko ni miaka tena ya kulipa nyumba na chakula mjini, mbali na jamaa. Akimaliza, arudi kufanya nini Wamaza? Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inapaswa kutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu ugonjwa uanze, na haitolewi kabla ya kupiga picha ya kichwa kwa skana. Bila picha hakuna anayejua kama mshipa umeziba ama umepasuka, na dawa hiyo hiyo inayomwokoa wa kwanza inaweza kumuua wa pili. Saa 4 na nusu! Wakati wa mvua, kuna siku ambapo kutoka Wamaza muda huo unaishia kwenye matope. Bingwa bila skana, bila dawa na bila barabara ataketi akimwangalia mgonjwa kama jirani mwingine yeyote.

Kwa hiyo vita dhidi ya ugonjwa huu, kwa hapa, inabidi ipiganwe kabla mtu hajaanguka. Na hapo anayehitajika zaidi ni muuguzi wa kituo cha afya, mwenye mashine ya kupima tansio inayofanya kazi.

Tansio haina kelele. Mtu analima, anabeba mzigo, anacheka, kumbe mishipa inachoka. Nchini Tanzania, watafiti walihesabu wagonjwa wa kiharusi kati ya 2003 na 2006 huko Hai, vijijini, na Dar es Salaam, mjini. Hesabu ya wagonjwa wapya kwa mwaka, ikisawazishwa kwa umri, ilikuwa karibu 109 kwa watu 100,000 Hai na karibu 316 Dar es Salaam. Hesabu hiyo ya mjini ilikuwa miongoni mwa zile za juu sana duniani. Wale wanaosema kiharusi ni ugonjwa wa wazungu na matajiri wasome hesabu hiyo tena. Tansio ya juu ilikuwa miongoni mwa sababu kubwa.

Sasa mfikirie mama wa miaka 55 aliyekuwa akimeza kidonge kimoja cha amlodipini kila siku. Risasi zinalia upande wa Salamabila, anawakamata wajukuu, anakimbia. Dawa imebaki, fishi imebaki. Anapofika kwa familia iliyompokea, msaada ukija unaangalia malaria, surua, kipindupindu, utapiamlo wa watoto. Ni haki yao watoto. Lakini mama huyo haonekani kwenye mstari wowote kwa sababu haumwi kitu. Miezi michache baadaye anapooza, na wajukuu aliokimbia nao wanabaki kumgeuza kitandani.

Jambo la ajabu ni kwamba eneo hili lilikwisha kuonyesha njia. Kuanzia miaka ya 1970, Kasongo ilikuwa mahali pa mradi mkubwa pamoja na Taasisi ya Magonjwa ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji. Vituo vya afya vilishikwa na wauguzi waliofundishwa vizuri, wenye maelekezo yaliyoandikwa, na hospitali nyuma yao kwa kupokea wale waliozidi uwezo. Daktari Pangu Kaza Asila aliandika tasnifu juu ya vituo hivyo mwaka 1988, na mambo ya Kasongo yalisomwa mbali sana na Maniema. Mpango wa zone za afya ambao Kongo yote inautumia leo ulichota huko. Ni uchungu kidogo kuona kwamba mahali palipofundisha wengine leo panangoja kufundishwa.

Muuguzi wa namna hiyo anaweza kufundishwa tansio kwa siku chache, si kwa miaka 12. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani lina mwongozo unaoitwa HEARTS kwa kazi hiyo hiyo: kupima, kuanzisha dawa, kuongeza, kurudisha mgonjwa. Na afundishwe pia nini kisifanywe mtu akianguka, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapotea. Mgonjwa asipewe maji wala uji kabla ya kuonekana kwamba anameza vizuri, maana chakula kinaingia kwenye mapafu. Asipewe aspirini ovyo, maana bila skana huenda ni mshipa uliopasuka. Tansio yake isiangushwe kwa haraka kwa dawa kali. Ubongo uliokosa damu unahitaji msukumo huo. Alazwe ubavu, ageuzwe kila saa 2 asipate vidonda, na mkono uliolala uanze kunyooshwa mapema. Wareko wanaopita nyumba kwa nyumba kwa habari ya chanjo wanaweza kufundisha dalili tatu: uso, mkono, maneno. Kimoja kikibadilika ghafla, saa iandikwe na safari ianze, hata kama skana haipo. Hospitali kuu ina kazi nyingine ya kumfanyia.

Hii haiondoi deni la serikali. Waganga wa vijijini wapewe nafasi na malipo ya kwenda kusomea ubingwa, na skana ifike jimboni kwa watu wa kawaida. Hayo yaendelee kudaiwa Kindu na Kinshasa.

Lakini kwenye mkutano ujao wa CODESA kuna maulizo ambayo hayahitaji Kinshasa. Kituo chetu kina mashine ya tansio? Betri ziko? Watu wazima wote wanapimwa, ama ni wajawazito tu? Kidonge kinapatikana mwezi hadi mwezi, na kwa bei gani kwa aliyekimbia bila kitu? Na kila mwenye tansio apewe kipande cha karatasi chenye namba yake na jina la dawa, kikae pamoja na kadi ya uchaguzi, ili siku ya kukimbia kitoke naye na muuguzi wa kijiji kingine ajue pa kuendelea.