Amiri na Kiongozi wa Njia



Wasomaji wetu watukufu, tangu msafara wetu urudi kutoka Mlima Kenya katika likizo ya Agosti, tumekuwa tukiulizwa swali moja msikitini, barazani na hata maziarani: ilikuwaje mtoto wa watu akateremshwa mlimani usiku, na ni nani aliyetoa amri hiyo? Habari zimekwisha kuzidishwa chumvi. Tumesikia kwamba kijana aliporomoka jabalini, na tumesikia pia kwamba alizirai kutwa nzima. Hayakuwa hayo. Sisi ndio tuliokuwa amiri wa safari ile, na sehemu ya lawama ni yetu, kwa hiyo tumeona ni wajibu tuyaeleze yaliyotukia kama yalivyotukia.

Tulikuwa watu 14: vijana 8 waliomaliza madrasa, wazazi 5, na mwandishi wa safu hii. Vijana walitaka kilele. Mama zao walitaka wasiende kabisa. Tukasuluhisha kwa kukata shauri la kwenda mpaka kambi iliyo chini ya vilele, tulale usiku mmoja, turudi. Kambi hiyo huitwa Shipton, nayo ipo mita 4,200 juu ya usawa wa bahari, katika kichwa cha bonde liitwalo Mackinder. Juu yake ndipo palipo Lenana, mita 4,985, ambako mtembeaji mwenye afya hufika kwa miguu yake. Na juu zaidi Nelion na Batian, mita 5,188 na 5,199, ambavyo ni vya watu wa kamba na vyuma. Sisi tulitosheka na kambi.

Tuseme kidogo juu ya majina hayo. Mackinder ni Mwingereza aliyefika kileleni Batian mwaka 1899, na Shipton ni mwenziwe aliyepanda mwaka 1929. Katika msafara wa Mackinder walikuwamo Waswahili 66, watu wa huku kwetu na wa Unguja, waliobeba mizigo kupita nyika na misitu mpaka chini ya theluji. Hatujaona bonde wala kijito kilichopewa jina la mmoja wao. Basi anayetuambia kwamba mlima si mahali pa watu wa pwani, na ajue kwamba babu zetu walitangulia, tena na mzigo kichwani.

Tulijitayarisha muda wa miezi miwili. Kila Jumamosi baada ya sala ya alfajiri tulitembea ufukweni mpaka jua likali, na vijana walijaza chupa za maji mikobani mwao ili wazoee uzito. Mazoezi hayo yalitufaa miguuni. Hayakutufaa kitu katika pumzi, na hilo ndilo tulilochelewa kulifahamu. Mwili hauwezi kuzoeshwa hewa nyepesi ukiwa Mombasa. Huko kambini kila pumzi huleta oksijeni kiasi cha asilimia 60 ya ile tuivutayo hapa pwani, na nguvu za misuli hazibadilishi hesabu hiyo. Huenda kijana mkakamavu akaugua, na babu yake akala ugali wake kwa raha.

Kuhusu ibada, maswali yalikuwa mengi kabla hata hatujapanda treni. Kukusanya na kupunguza sala hakukuwa na shida. Msafiri ni msafiri. Mas-ala iliyowashughulisha zaidi ilikuwa ya viatu. Buti za mlimani hufunika vifundo vya miguu, hazipitishi maji kwa urahisi, na mtu huweza kutembea nazo mwendo mrefu. Basi hukumu yake ni ya khofu, na mwenye kuzivaa akiwa na udhu kamili anaruhusiwa kupaka maji juu yake badala ya kuosha miguu, siku tatu na nyusiku zake kwa msafiri. Tuliwaeleza kwamba akizivua, rukhsa imekatika na hana budi kuosha miguu. Mzee mmoja katika sisi, ili asiguse maji ya baridi, akalala na buti zake. Alfajiri miguu ilikuwa imevimba, na kuzivua kukawa kazi ya watu wawili. Rukhsa imekuja kumpunguzia mja taabu, mzee wetu akaigeuza kuwa adhabu. Ama tayamamu kwa sababu ya baridi hatukuihitaji, kwa kuwa mpishi alitupashia maji katika jiko lake kila wakati wa sala, na aliyepata maji ya moto hana udhuru.

Kiongozi wetu wa njia alikuwa kijana wa Nanyuki, hajafika miaka 30, Mkristo, mpole, msemaji wa maneno machache. Neno lake kubwa lilikuwa "polepole". Jioni ya kwanza, katika kambi ya Old Moses iliyo mita 3,300, mzazi mmoja alitujia kando akanong'ona: "Maalim, hivi kweli tumewatia watoto wetu mkononi mwa huyu? Hajui hata sala zetu." Tulimjibu kwa kisa anachokijua kila mwanafunzi wa sira, ila labda hakukizingatia. Mtume, sallallahu alayhi wasallam, alipohama Makka pamoja na Abubakar, walimkodi Abdullah bin Urayqit awaongoze njia. Mtu huyo alikuwa bado katika dini ya Makureshi. Walimkabidhi ngamia wao wawili, wakaagana naye akutane nao kwenye pango la Thaur baada ya siku tatu. Makureshi walikuwa wametangaza ngamia 100 kwa atakayewaleta. Bin Urayqit angeweza kuwauza, na hakuwauza. Alikuja kwa wakati akawapitisha njia ya pwani ambayo wengine hawakuipita. Alichaguliwa kwa sababu mbili: aliijua njia, na alikuwa mwaminifu. Mzazi yule alinyamaza. Tulidhani tumemkinaisha. Sasa tunaona kwamba hata sisi wenyewe tulikuwa bado hatujakinai; kisa tulikisimulia vizuri tu.

Siku ya pili tulitembea kama kilomita 14. Njia hiyo haipandi moja kwa moja. Huvuka mabonde, ikapanda mgongo, ikashuka, ikapanda tena. Miti ilikuwa imekwisha kuachwa nyuma, na badala yake yalisimama mambo ambayo macho ya pwani hayajayaona: seneshio zilizo refu kuliko mtu, zimevaa majani makavu shinani kama kanzu kuukuu, na lobelia zilizosimama kama mishumaa. Pimbi walikaa juu ya mawe wakitutazama bila hofu. Vijana waliimba kasida mpaka kama saa nne asubuhi, kisha kasida zikapungua, kisha ikabaki sauti ya viatu tu. Tulifika Shipton saa tisa alasiri. Vilele vilikuwa mbele yetu, upande wa kusini, vyeusi na vikubwa hata mtu hupunguza sauti bila kuambiwa.

Jambo moja la mahali pale lilitupendeza. Kutoka Mlima Kenya kibla ni kaskazini, kwa kuelekea mashariki kidogo. Kwa hiyo watu wote hupanda hadi pale ili wavitazame vilele, lakini mwenye kusali huvipa mgongo na kutazama bonde alikotoka. Tulipanga safu tukavipa mgongo.

Ilikuwa katika sala ile ya magharibi, tulipoinuka kutoka sijida ya mwisho ya rakaa ya pili, kijana mmoja wa miaka 16 alipepesuka akamwegemea mwenziwe. Waliokuwa karibu naye walidhani ni uchovu. Sisi imamu hatukuona kitu. Aliyeona ni kiongozi wa njia, kwa kuwa yeye hakuwa ndani ya sala. Sisi tulikuwa tumeelekea kibla, na yeye alikuwa ametuelekea sisi. Alingoja mpaka tukatoa salamu, na mpaka tukasali isha kwa kukusanya. Kisha akamwita kijana na kumtaka atembee kwa mstari ulionyooka, kisigino cha mguu huu kikigusa vidole vya mguu ule, kama mtu anayepita juu ya ubao. Hakuweza hatua nne. Aliulizwa jana alilala wapi, akafikiri, akasema Nairobi.

Kuumwa kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi ni mambo ya kawaida kwenye mwinuko ule, na karibu nusu yetu tulikuwa nayo. Kupepesuka na kuchanganyikiwa ni jambo jingine. Huko ni kuvimba kwa ubongo, na dawa yake ya kutegemewa ni kushuka, tena bila kuchelewa. Kiongozi alitujia akasema kwa adabu: "Sheikh, huyu tunamshusha sasa hivi."

Baba yake alikuwapo. Tusimdhulumu; hoja yake ilikuwa na sura ya akili. Alisema giza ni totoro, maji katika ndoo yameanza kuganda, njia ina mawe na migongo ya kupanda, na mtoto hawezi kusimama. Amlaze kwenye mfuko wa kulalia, anywe chai ya tangawizi, na asubuhi ateremke kwa nuru. "Maalim," akatuambia, "mtoto ni wangu. Wewe ndiwe amiri. Sema neno."

Hapa hatuwezi kujificha ndani ya neno "sisi" kana kwamba msafara mzima ulihusika. Mwandishi peke yake ndiye aliyeulizwa, na mwandishi hakusema neno. Tulimwambia baba tungoje tuone. Tulisema hivyo kwa sababu ni rafiki yetu wa miaka 30, na kwa sababu tuliona haya kumpinga mbele ya mwanawe, na, tukiri yote, kwa sababu ilituwia vigumu kufuata amri ya kijana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wetu. Nusu saa ilipita hivyo. Katika nusu saa hiyo mtoto alitapika mara mbili, akalala, na tukapata tabu kumwamsha.

Kiongozi alirudi, na safari hii hakuanza kwa "Sheikh". Alisema: "Mzee, nikimwacha alale hapa, asubuhi huenda tusiweze kumwamsha. Wapagazi wangu wako tayari. Ninaondoka naye, mkubali msikubali."

Basi tukasema neno. Tulimwambia baba kwamba aya ya Suratul Baqara inayotukataza kujitia maangamizoni kwa mikono yetu haikumtoa baba wala amiri, na kwamba katika jambo hili amiri ni huyu anayeijua njia. Baba alilia, akavaa koti lake, akaenda nao. Waliondoka saa tatu usiku: kiongozi, wapagazi watatu, baba na mwana, na tochi za vichwani. Tulizitazama taa zile zikididimia bondeni, upande uleule wa kibla, mpaka zikapotea nyuma ya mgongo. Hatukulala.

Walifika Old Moses saa kumi na moja alfajiri. Sehemu kubwa ya njia wapagazi walimbeba kwa zamu. Baba anasema kwamba walipokwisha kuanza mteremko wa mwisho, mtoto aliomba ateremshwe mgongoni, akatembea, akauliza kama kuna chai. Gari hufika mpaka kambi ile, na likawachukua hadi hospitali ya mjini, ambako daktari alimchunguza akamweka siku moja. Leo hajambo, alhamdulillahi, na juzi alikuwa akicheza mpira nyuma ya msikiti.

Wazazi wametuuliza kama kosa lilikuwa kwenda. Kwa maoni yetu, kosa lilikuwa katika ratiba, na ratiba tuliikubali sisi kwa sababu ilikuwa rahisi kwa bei. Wataalamu wa maradhi ya milimani hushauri kwamba mtu akishapita mita 3,000, asipandishe mahali pake pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku. Sisi tulitoka mita 3,300 tukalala mita 4,200. Mita 900 kwa usiku mmoja, na watu waliozaliwa usawa wa bahari! Kampuni iliyotupangia ilitueleza kwamba wengi hufanya hivyo na hawadhuriki. Ni kweli kwamba wengi hawadhuriki. Ungeongezwa usiku wa pili palepale Old Moses, na mwingine katika kambi ya Liki North iliyo njiani, gharama ingepanda kwa chakula na ujira wa wapagazi, na miili ingepata nafasi.

Kwa hiyo tumeandika karatasi ambayo kila mzazi ataitia sahihi kabla ya jina la mwanawe kuandikwa, naye amiri ataitia sahihi ya kwanza. Inasema kwamba katika sala, chakula na adabu za safari, neno ni la amiri. Na katika kupanda, kusimama na kushuka, neno ni la kiongozi wa njia, na halirudishwi kwa mashauriano. Mzazi asiyeridhika nayo hatutamlaumu, lakini mwanawe hatutamchukua. Baba wa kijana aliyeugua ameisoma. Aliitia sahihi palepale barazani, kisha akauliza kama inafaa aongeze jina lake mwenyewe.

Kiongozi alitupigia simu Ijumaa iliyopita, kama anavyofanya kila baada ya wiki mbili, kuuliza hali ya mtoto. Aliuliza pia kama tumekwisha kupanga tarehe. Tumemwambia Agosti ijayo inshallah, na nyusiku mbili zaidi.