Tumwite Anuarite kwa Jina Lake Zima



Hivi karibuni, tulipokuwa tukisoma orodha ya wanafunzi wa katekismu, tuliita: «Anuarit!» Hakuna aliyejibu. Tukarudia. Ndipo msichana mmoja wa dawati la nyuma aliposimama na kusema kwa adabu: «Mwalimu, mimi ni Anuarite.» Alilitamka kwa silabi zake zote tano. Tuliona haya. Sisi tunaofundisha wengine kusoma ndio tuliolisoma jina la Kiafrika kana kwamba ni neno la Kifaransa, tukaimeza herufi ya mwisho.

Je, kosa hilo ni dogo? Historia ya jina lenyewe inatuonya tusiseme hivyo.

Mwaka 1939, huko Wamba, wazazi wa kabila la Wabudu walimpa binti yao jina la Nengapeta, maana yake utajiri hudanganya. Siku ya kuandikishwa shuleni alisindikizwa na dada yake mkubwa, aliyeitwa Anuarite, yaani navicheka vita. Aliyeshika daftari akachanganya, akamwandikia mdogo jina la mkubwa. Kosa la kalamu likadumu. Baadaye binti huyo aliingia utawa wa Jamaa Takatifu huko Bafwabaka, akaitwa Sista Maria Klementina. Tarehe 1 Desemba 1964, wakati wa uasi wa Simba, aliuawa huko Isiro kwa sababu alikataa kuvunja nadhiri yake ya usafi.

Sisi tuliosoma shule ya msingi katika miaka ya 1970 tunakumbuka jambo lingine. Mwaka 1972 serikali ilikataza majina ya kikristo. Kardinali Malula alipinga, akalazimika kwenda Roma kwa muda. Shuleni tuliitwa kwa majina ya babu zetu, na jina la ubatizo likabaki la nyumbani na la kanisani. Hivyo wengi wetu tulikua tukidhani kwamba jina la Kiafrika na jina la kikristo ni maadui.

Tarehe 15 Agosti 1985, Papa Yohane Paulo II alimtangaza Anuarite kuwa mwenyeheri katika mji wa Kinshasa. Ugomvi ule ukapata jibu: jina la Kibudu lilikuwa sasa jina la mwenyeheri wa Kanisa lote. Wazazi wakawapa binti zao jina hilo, hata mbali sana na Wamba. Parokia na shule nazo zikaitwa kwa jina lake.

Leo, katika orodha zetu, linapungua. Wengine hulikata na kubakiza «Anu». Wengine hulitamka kwa Kifaransa ili lionekane la kisasa. Hatuwalaumu wazazi wanaochagua majina mengine. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni 855, haidai jina la mtakatifu. Inataka tu jina lisiwe geni kwa moyo wa kikristo. Wala hatusemi kwamba matamshi hayawezi kubadilika. Jean wa Wafaransa ni Yohane wetu, na hakuna aliyekosewa heshima. Lakini lafudhi ya ulimi ni jambo moja, na kulikata jina kwa kulionea haya ni jambo lingine. Hilo la pili ndilo tunalolikataa.

Kwa hiyo tunawaomba mambo mawili. Kwanza, kila mmoja wenu anayeandika orodha ya kwaya, ya kikundi au ya ubatizo, amwulize mwenye jina na kumsikiliza kabla ya kuandika. Kosa la dakika moja laweza kumfuata mtu maisha yote. Pili, anayeitwa Anuarite ajue pia Nengapeta. Kanisa linamtaja mwenyeheri kwa majina yote mawili. Jina alilopewa na wazazi wake halikupotea.

Nasi tumeanza kwetu. Siku ya somo lililofuata tulimwomba yule msichana radhi mbele ya wenzake. Akaitazama orodha, akatusahihishia majina mengine mawili.

Mwenyeheri Anuarite Nengapeta, utuombee.