Mwenyekiti Tunayemtaka

Uchaguzi wa jumuiya umekaribia, na hapa Kisumu Ndogo kila mgombea anasema amekuja kututumikia. Kabla hatujapiga kura, tumkumbuke mtumishi mmoja wa papa hapa kaunti ya Kilifi.

William Jones aliuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa India. Kama wengi wetu, Pwani alikuja tu. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimpa ushemasi, kisha wakaondoka misheni ya Rabai, hapa Kilifi, na wapagazi zaidi ya 200 kuelekea Buganda. Walipofika Mumias ya leo, askofu alitangulia na watu 50, msafara akamwachia Jones. Oktoba 29 askofu aliuawa Busoga pamoja na karibu wenzake wote.

Jones alingoja kwanza, asije akamwacha mtu nyuma. Kisha akawarudisha waliobaki kwa miguu hadi Pwani. Februari 1886 waliingia Rabai wamechoka, mbele yao bendera ya buluu ya msiba. Baadaye, chini ya uangalizi wake, Rabai ikawa kimbilio la watumwa watoro. Tarehe 1 Januari 1889, baada ya mabwana kulipwa fidia, watoro wapatao 1,400 wa misheni za Pwani walipewa uhuru wao.

Yesu aliwatawadha wanafunzi miguu akijua kwamba usiku uleule watamkimbia. Huo ndio uongozi wa Kikristo: kubaki na watu pale ambapo hakuna sifa wala faida.

Kwetu, mambo hujulikana msibani. Tunamtaka mwenyekiti anayepokea simu saa nane za usiku, anayefika mochari mapema na kufuatilia kibali cha mazishi, anayesoma michango mbele ya wafiwa, shilingi kwa shilingi, kabla gari la maiti halijaondoka kwenda Nyanza. Na jirani Mgiriama akifiwa, asiulize kama ni mwanachama, wala kama anasali kanisani au msikitini.

Kwa hiyo, ahadi za wagombea tuzisikilize, lakini tuwaulize pia majirani zao: katika matanga ya mwisho mtaani, nani aliondoka baada ya hotuba, na nani alibaki kukunja turubai na kurudisha viti?