Sumu ya Shambani Haiishi Shambani

Bonde la Kilombero limekaa baina ya milima ya Udzungwa na ile ya Mahenge. Maji yanayoteremka kutoka milima hiyo hukusanyika katika mbuga iliyo kati yake, na Mto Kilombero huyachukua hadi unapokutana na Luwegu, ambapo Mto Rufiji huanzia. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka katika bonde hili, ambalo tangu mwaka 2002 limo katika orodha ya ardhi oevu zinazotambuliwa na Mkataba wa Ramsar. Kwa hiyo dawa inayopulizwa katika jaruba la mpunga karibu na Ifakara ni ya mkulima kwa muda mfupi tu. Mvua ikinyesha, huwa ni ya bonde zima.

Mkulima hastahili kulaumiwa kwa kutumia dawa. Wadudu na magugu ni adui wa kweli wa chakula chake. Lawama inaufaa zaidi utaratibu unaoihesabu dawa hiyo kuwa pembejeo tu, kana kwamba mipaka ya shamba ndiyo mipaka ya sumu.

Yatazamwe madawa ya jamii ya pairethroidi, yaliyoundwa kwa kuiga sumu iliyomo katika maua ya pareto. Wakulima wengi huyapenda kwa sababu huua wadudu upesi, na madhara yake kwa binadamu ni madogo kuliko ya madawa mengi ya zamani. Lakini kwa samaki ni sumu kali, hata yakiwa majini kwa kiasi kidogo mno. Huua pia wadudu wadogo wa majini ambao ni chakula cha samaki wachanga. Mabaki yake hushikamana na tope, mahali ambapo viumbe wengi huishi na kutafuta riziki. Basi maji yaweza kuonekana safi kwa macho huku uhai uliomo ukipungua.

Hasara haikomei kwa mvuvi. Mbu aina ya Anofelesi, waenezao malaria, huzaliana katika maji yaliyotuama, yakiwamo ya majaruba. Viluwiluwi wanapokutana na sumu hafifu, walio dhaifu hufa, na wenye kuistahimili hubaki na kuzaa wenzao. Pairethroidi ndizo pia zinazotiwa katika vyandarua. Taarifa za watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, zilizochapishwa mwaka 2017 na 2020, zilionyesha usugu wa mbu katika vijiji vya bonde hili, na matumizi makubwa ya madawa ya jamii hiyohiyo mashambani. Ni kweli kwamba vyandarua navyo huchangia usugu. Hata hivyo, si busara shamba lipunguze nguvu ya silaha inayomlinda mtoto wa mkulima usiku.

Yafuatayo hayana budi kutendeka. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, Bodi ya Maji Bonde la Rufiji na wahusika wa afya yafaa waamue kwa pamoja ni madawa gani yauzwe bondeni na kwa majira gani. Maji na tope vipimwe kabla ya msimu wa kupuliza na baada yake, na matokeo yasomwe katika mikutano ya vijiji. Muuza dawa afundishwe kabla ya kupewa leseni, na mabomba yasioshwe mtoni.

Watasema wengine kwamba upimaji ni ghali. Ghali zaidi ni mto usio na samaki na chandarua kisichoua mbu, kwani gharama hizo hulipwa na wanakijiji wenyewe, nazo haziandikwi katika hesabu za mavuno.